Tuwaungishe vipi majirani zetu Wauzbeki?

Swali limetoka kwa msomaji, dada mzaliwa wa Tanga anayeishi kaskazini-mashariki mwa Philadelphia, Marekani. Ameandika hivi: "Mtaani kwetu kuna mgahawa mdogo wa Kiuzbeki, umebanwa kati ya duka la simu na dobi. Chakula chake kinanikumbusha nyumbani, ila kila nikienda nakuta watu kwenye meza mbili tu. Mwenyewe ni mzee mpole ambaye Kiingereza chake ni cha kuungaunga. Sisi Waswahili wa hapa, kama familia kumi na mbili hivi, tungependa mgahawa huu usifungwe. Tufanye nini cha maana zaidi ya kuweka picha mtandaoni? Pia wenzangu wengine wanalalamika kwamba pilau yao ina mafuta mengi na haina viungo. Niwajibu nini?"

Dada yangu, picha si mbaya, lakini haimfikii mzee huyo katika saa anayoihitaji zaidi, nayo ni saa mbili au saa tatu ya asubuhi, anaposimama mbele ya gunia na kuamua apime kilo ngapi za mchele. Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kukaa na wenye migahawa midogo, kwanza jikoni na baadaye kwenye madaftari yao ya hesabu, na nikiulizwa mgahawa wa Kiuzbeki hufilisikia wapi, nitakionyesha chungu kilekile ambacho ndicho fahari yake. Ukielewa chungu hicho kinavyofanya kazi, nusu ya jibu lako utakuwa umelipata.

Chakula unachokiita pilau wenyewe, watu wa Uzbekistan katika Asia ya Kati, hukiita osh, au palov. Hupikwa katika qozon, sufuria nzito ya chuma cha kusubu yenye kitako cha mviringo. Mafuta hupashwa kwanza mpaka yashike moto sawasawa, nyama ya kondoo au ya ng'ombe hukaangwa, vitunguu hufuata, kisha huingia karoti nyingi zilizokatwa vijiti vyembamba kwa kisu. Mchanganyiko huo, ambao huitwa zirvak, huongezwa maji na kuachwa uchemke taratibu, na baadaye mchele uliolowekwa hutandazwa juu yake bila kukorogwa, ukafunikwa uive kwa mvuke. Kipimo cha asili ni kilo moja ya mchele kwa kilo moja ya nyama na kilo moja ya karoti, na ndiyo maana Wauzbeki hutaja ukubwa wa osh kwa kilo za mchele, kama vile sisi tunavyosema pilau ya harusi ilikuwa ya magunia mangapi. Kilo moja hutosha watu wanane hadi kumi. Mwaka 2016 UNESCO iliuingiza utamaduni wa palov wa Uzbekistan katika orodha ya urithi wa binadamu usioshikika, na mwaka huohuo ikaingiza oshi palav ya jirani zao Watajiki, lakini heshima hiyo hailipi kodi ya pango Philadelphia.

Jambo la kuzingatia katika maelezo hayo ni kwamba osh haipikwi sahani moja moja mteja akiingia. Hupikwa mara moja kwa siku, kwa ajili ya mchana, na katika nyumba kubwa za osh mjini Tashkent anayechelewa hukuta chungu kimeshakwanguliwa. Mama ntilie wa kwetu anaijua hesabu hii kuliko mhitimu wa chuo cha biashara. Anawajua mafundi wa jengo la pili, anawajua makondakta wa kituo, anajua siku ya mshahara na siku ya ukata, kwa hiyo anapima mchele kwa vichwa vya watu anaowafahamu, na ikifika saa nane mchana anaosha masufuria. Mzee wako hana watu wa namna hiyo. Kila asubuhi anabahatisha.

Tuweke tarakimu za mfano ili kubahatisha huko kuonekane. Tuseme sahani inauzwa dola 16. Nyama, mchele, karoti, mafuta na mkate vinakula kama dola 5, mishahara dola 5 nyingine, pango, gesi, umeme, bima na matengenezo dola 5, na inabaki dola moja. Wala usidhani nimembania, kwa sababu faida halisi ya migahawa midogo ya Marekani kwa kawaida ni asilimia 3 hadi 5 tu ya mauzo. Sasa tuseme amepika kilo nne, sahani 35, zikauzwa 20. Sahani 15 zilizobaki zimebeba vitu vya dola 75, na faida ya zile 20 zilizouzwa ni dola 20. Kesho yake, kwa uchungu wa hasara, anapika kilo mbili, na siku hiyo ndiyo wanayoingia watu 30. Zaidi ya kumi wanaambiwa osh imekwisha, wanatoka na hawarudi tena. Akiogopa anapunguza, akipunguza anakosa, akikosa anaogopa zaidi. Nimeyaona madaftari mengi yaliyofungwa kwa mzunguko huo, na wenyewe wakidhani kwamba tatizo lilikuwa ladha.

Upande wa pili wa hesabu hiyo ni wa kutia moyo zaidi, na watu wengi hawauoni. Pango la Jumanne linadaiwa uje usije, na mpishi wa Jumanne ameshafika kazini. Kwa hiyo sahani moja ya ziada inayouzwa siku ya Jumanne iliyopooza, ukitoa dola 5 za vitu vilivyomo, inaacha dola 11 za kusaidia kulipa gharama ambazo zingelipwa hata hivyo. Jumamosi jioni meza zikiwa zimejaa, kiti chako kinachukua nafasi ya mteja mwingine na mchango wako unakuwa mdogo sana. Ukitaka kuungisha kwa maana halisi ya neno hilo, nenda siku ambayo hakuna anayekwenda, tena mpishi awe anajua kwamba unakuja.

Hapo ndipo familia zenu kumi na mbili zina nguvu kuliko mnavyodhani. Nisingependa mwende wote kwa pamoja Jumamosi moja, mjaze ukumbi, mpige picha, kisha mpotee miezi mitatu. Jikoni kuna watu wawili, pengine watatu. Lag'mon, zile tambi za mchuzi, huvutwa kwa mkono, na manti, maandazi ya nyama ya mvuke, hufungwa moja moja na kukaa kwenye mvuke kama dakika 40 hadi 45. Watu 40 wakiingia kwa ghafla, chakula kitachelewa, wateja wawili watatu wa siku zote wataudhika, na ninyi wenyewe mtarudi nyumbani mkisema huduma ni mbovu. Gawaneni. Familia tatu zichukue Jumanne, nyingine tatu Jumatano, na kadhalika kwa siku zilizopooza, na kila kundi limpigie mzee simu jana yake kumwambia, "Kesho mchana tunahitaji osh ya kilo mbili, tutaijia saa saba." Simu hiyo ya nusu dakika inamwondolea nusu ya kubahatisha kwake kwa siku nzima, kwa kuwa sasa anapika kilo mbili zenye wenyewe na anaongeza kidogo kwa wapita njia. Wasioweza kula mchana kwa sababu ya kazi wachukue nyumbani. Osh husafiri vizuri na hustahimili kupashwa moto, tofauti na lag'mon, ambayo ikikaa nusu saa kwenye chombo cha plastiki tambi zake hulegea na mchuzi wote kunyweka.

Mkiwa mezani, jambo linalofuata ni mnachoagiza. Migahawa mingi ya Marekani huziba pengo la faida ya chakula kwa kuuza pombe, ambayo gharama yake ni ndogo ukilinganisha na bei. Mgahawa wa halali hauna mlango huo. Badala yake upo mlango wa chai, wa saladi, wa mkate na wa somsa, sambusa zao za kuokwa. Birika la chai ya kijani, ko'k choy, humgharimu mzee senti chache na humwachia sehemu kubwa ya bei yake. Watu wetu, na hapa najitia na mimi, tuna mazoea ya kuagiza sahani kubwa moja, kuomba maji ya bomba na kusema tumeshiba. Meza ya watu wanne iliyoagiza osh mbili, birika la chai, achichuk (saladi yao ya nyanya), mkate mmoja na somsa nne imekula vizuri zaidi kwa pesa isiyozidi sana ya sahani nne za osh, na mgahawa umepata zaidi, kwa sababu nyama ndiyo inayokula faida. Nayo ndiyo namna wenyewe wanavyokula: katikati panawekwa lagan, sinia la udongo, na kila mtu anachota upande wake.

Kuhusu malalamiko ya wenzako, wajibu kwa upole lakini usiwakubalie. Pilau yetu na palov yao ni ndugu wa mbali. Jina ni moja, limetoka katika Kiajemi, na njiani kila mmoja akavaa nguo za alikopita. Ya kwetu ilikuja na biashara ya Bahari ya Hindi, ikajaa mdalasini, karafuu, iliki na pilipili manga. Ya kwao ni ya nyanda za mbali na bahari, ambako mfugaji wa kondoo na mkulima wa karoti walikutana, na kiungo chake kikuu ni kimoja tu, bizari nyembamba, ambayo huiita zira, pengine na vitunda vidogo vyekundu vichachu na kichwa kizima cha kitunguu saumu kilichozikwa katikati ya mchele. Utamu unatafutwa kwenye nyama, kwenye vitunguu vilivyoiva hadi rangi, na kwenye karoti. Anayekwenda pale akitafuta karafuu ni kama aliyekwenda kwenye taarab akitafuta ngoma ya sindimba. Hakudanganywa, amekosea ukumbi.

Mafuta nayo yana sababu. Kwa asili hutumika mafuta ya mkia wa kondoo, dumba, ambayo huganda yakipoa, na ndiyo maana osh haiambatani na soda ya barafu. Huliwa ikiwa moto, kwa chai ya kijani ya moto isiyo na sukari, na kwa achichuk, ambayo ukiitazama utacheka, kwa kuwa ni nyanya na vitunguu vilivyokatwa vyembamba na chumvi, pengine na pilipili kidogo: kachumbari, isipokuwa haina ndimu. Mwenzako aliyekula osh peke yake na kinywaji baridi amekula nusu ya mlo, nusu ile nzito. Mwambie ajaribu tena kwa utaratibu huo. Akiona bado ni nzito, aanze na manti au na sho'rva, supu ya nyama na mboga, halafu arudi kwenye osh baridi ya Desemba inapoanza kuuma. Nimewaona wengi wakibadili kauli mwezi huo.

Jambo moja nakuomba sana: msimshauri abadilishe chakula. Nasema hivyo kwa sababu niliwahi kufanya kosa hilo mwenyewe. Mwenye mgahawa mmoja mdogo, si Mwuzbeki, aliniuliza afanye nini wateja waongezeke, nami kwa ujuaji wangu nikamwambia aongeze kuku wa kukaanga, baga na vibanzi ili majirani wasiokijua chakula chake wapate cha kula. Aliongeza. Friji ikajaa vitu vinavyooza kwa kasi tofauti, mpishi akagawanyika, chakula chake halisi kikapoa, na waliotaka baga wakaendelea kwenda kwenye baga ya kona, ambayo ilikuwa bora na rahisi. Baada ya miezi michache akaiondoa menyu yangu, kwa adabu, bila kunilaumu. Tangu siku hiyo nikiulizwa nasema: punguza. Mgahawa wenye vyakula kumi vinavyopikwa vema kila siku huuza zaidi kuliko wenye vyakula arobaini ambavyo nusu yake "leo havipo". Kama mnataka kumshauri mzee jambo, mshaurini aandike kwenye kioo cha dirisha saa ambayo osh huwa tayari.

Sasa nije kwenye mtandao, ambao hukuutaka sana lakini hauepukiki. Kwanza, programu za kuletewa chakula. Hukata kati ya asilimia 15 na 30 ya bei, kulingana na mkataba na mji; New York ilianza kuweka kikomo mwaka 2020 wakati wa korona, kwa sababu migahawa ilikuwa inakatwa fedha ambazo haikuwa nazo. Rudi kwenye sahani yetu ya dola 16: asilimia 30 ni dola 4 na senti 80. Ile dola moja ya faida imekwenda, na karibu dola nne nyingine zimechukuliwa kwenye mishahara na pango. Kwa mgahawa mtupu bado inaweza kuwa afadhali kuliko kukaa bure, kwa hiyo sisemi mzee ajiondoe huko. Nasema ninyi mnaoishi dakika kumi kutoka mlangoni pake msimwagizie kwa njia hiyo. Pigeni simu, mkachukue wenyewe.

Pili, maoni na nyota. Haya yana faida, ila yana sheria zake, na wenye nia njema ndio huzivunja bila kujua. Google hairuhusu mgahawa kutoa punguzo au zawadi kwa ajili ya maoni. Yelp, mtandao mwingine wa maoni ya wateja, huenda mbali zaidi, haitaki hata mwenye biashara awaombe wateja wayaandike. Kanuni ya serikali ya Marekani iliyoanza kutumika Oktoba 2024 imeyapiga marufuku maoni ya uongo na ya kununuliwa, kwa adhabu ya faini. Kwa hiyo binamu yako aliyeko Dar es Salaam ambaye hajawahi kuonja hiyo osh asiandike kitu, na familia kumi na mbili zisiandike maneno yanayofanana jioni moja, kwa sababu mifumo ya kuchuja huyashuku maoni yanayoingia kwa mkupuo na inaweza kuyafuta yote, ya kweli pamoja na yenye shaka. Kila mmoja aandike kwa wakati wake, baada ya kula, na aandike kwa Kiingereza mambo ambayo mgeni anataka kuyajua kabla ya kutoka nyumbani: osh hupatikana saa ngapi, nyama ni halali au la, pa kuegesha gari, watoto wanakula nini, bei ya mlo wa watu wanne. "Chakula kitamu sana, nyota tano" haimleti mtu. "Tulifika saa saba mchana Jumatano, osh ilikuwa moto, tulitafutiwa meza kubwa kwa ajili ya mama yetu mwenye kiti cha magurudumu" humleta.

Tatu, na hili ndilo ninalolipa uzito kuliko nyota, angalieni kama saa za kufungua, namba ya simu na mahali pa mgahawa kwenye ramani ni sahihi. Migahawa ya wazee wasiozoea Kiingereza mara nyingi huonyeshwa imefungwa siku ambazo iko wazi, au namba iliyopo ni ya mpangaji aliyetangulia, na kila kosa la namna hiyo ni mteja aliyegeuza gari njiani. Kijana wenu mmoja anaweza kukaa na mzee, au na mwanawe, wakaomba kumilikishwa ukurasa wa mgahawa kwenye ramani hiyo na kuurekebisha. Sharti langu ni moja: akaunti iwe kwa jina na barua pepe ya mwenye mgahawa. Nimeona migahawa iliyoshindwa kubadili hata saa za Ramadhani kwa sababu nywila ilibaki kwa msamaria mwema aliyehamia mji mwingine.

Kabla hujawaita watu, thibitisha jambo la halali kwa kuuliza, usikisie kwa kuona jina la Samarkand au Bukhara, miji ya Uzbekistan, ukutani. Marekani migahawa ya chakula hiki ni ya namna mbalimbali. Ipo ya Wauzbeki Waislamu, wengi wao waliokuja kwa bahati nasibu ya viza, ileile iliyowaleta wengi wa kwetu. Hiyo huwa ya halali. Ipo ya Wayahudi wa Bukhara, ambao wengi wamekaa Queens, New York, katika mitaa ya Rego Park na Forest Hills, na migahawa yao ya kosher, yaani inayofuata sheria za chakula za Kiyahudi, haiuzi Ijumaa usiku wala Jumamosi mchana na haichanganyi nyama na maziwa. Ipo pia inayouza pombe na kupiga muziki wa harusi mpaka usiku wa manane. Halafu kuna suala la farasi. Nyumbani kwao soseji ya qazi na tambi za norin kwa asili ni za nyama ya farasi, ambayo Marekani si rahisi kuipata, hivyo mara nyingi hutumiwa ng'ombe. Kwa mwenzako mwenye wasiwasi, swali moja kwa mhudumu linatosha.

Kiingereza cha kuungaunga kisiwe ukuta, kwa kuwa mna maneno mengi ya pamoja kuliko mnavyofikiri. Ukiingia na kusema "Assalomu alaykum" utajibiwa kama ulivyozoea. Chai ni choy, kitabu ni kitob, dunia ni dunyo, wakati ni vaqt, na ahsante ni rahmat, ambayo mtu wa Tanga hahitaji kamusi ili aihisi. Mwanamume aliyekuzidi umri mwite aka, yaani kaka mkubwa, na mwanamke mwite opa, dada mkubwa. Kumwita mzee wa watu kwa jina tupu ni utovu wa adabu kwao kama ilivyo kwetu. Mkate wao wa duara, non, huokwa kwa kubandikwa kwenye ukuta wa tanuri ya udongo, tandir, jambo ambalo aliyewahi kuona mkate wa mofa ukitolewa Pemba au Unguja halimshangazi. Humegwa kwa mkono, wala hauwekwi kifudifudi mezani, kwa heshima ya riziki. Na ukimiminiwa chai kidogo tu kwenye kibakuli, usidhani umenyimwa: kikombe kisichojaa kinamaanisha kwamba mwenyeji anataka aendelee kukumiminia, ili ukae.

Nina nyongeza moja ambayo haihusiani sana na swali lako, ila kila nikiikumbuka naipenda. Ile saladi ya karoti yenye siki na kitunguu saumu utakayoiona pembeni mwa menyu, morkovcha, ni ya Wakorea. Mwaka 1937 Stalin, mtawala wa Muungano wa Kisovieti, aliwahamisha kwa nguvu Wakorea zaidi ya laki moja na nusu kutoka mashariki ya mbali ya Urusi na kuwapeleka Uzbekistan na Kazakhstan. Kabeji yao ya kichina ilipokuwa adimu, wakaitengenezea karoti mapishi yao, na majirani wakaipenda. Iagize, ni rahisi kwako na ina faida kwa mzee.

Nirudi kwenye pesa, maana kuna tabia yetu ambayo lazima niitaje. Mtu akishamwungisha mwenzake mara tatu, mara ya nne huomba apunguziwe, na ya tano huomba alipe mwisho wa mwezi. Kwa muuza vitenge mwenye nafasi ya kupandisha na kushusha bei, sawa. Kwa mgahawa unaobakiwa na dola moja kwenye sahani, punguzo la asilimia 10, yaani dola moja na senti 60, ni kumfanya mzee alipe senti 60 ili akupikie. Lipeni bei iliyoandikwa, na mhudumu mpeni bakshishi ya asilimia 18 hadi 20 hata kama nyumbani hatuna desturi hiyo, kwa sababu sheria ya Pennsylvania inaruhusu mhudumu anayepokea bakshishi alipwe dola 2.83 tu kwa saa, na mwajiri hulazimika kujazia pale tu bakshishi zisipofikisha kima cha chini cha dola 7.25. Bakshishi ndogo inaweza kuishia kutoka mfukoni mwa mzee yuleyule mnayetaka kumsaidia.

Msaada mkubwa kuliko yote, kwa maoni yangu, uko nje ya ukumbi wa mgahawa. Ni oda za shughuli: futari ya Ramadhani msikitini, hitima, arusi, kikao cha chama chenu cha kufa na kuzikana, sherehe ya mtoto kumaliza shule. Oda ya kilo kumi iliyotolewa wiki moja kabla, na nusu ya fedha ikatangulizwa, ndiyo biashara nzuri kuliko zote kwa mpishi wa qozon, kwa sababu hakuna hata punje anayoibahatisha. Na kwa mila yao osh ya watu mia ndiyo kipimo cha oshpaz, mpishi, kama pilau ya arusi ilivyo kipimo cha mpishi wetu. Kwa upande wenu pia si ghali kupita kiasi ukilinganisha na kukodi ukumbi na kuwachosha kina mama usiku kucha. Wazee waliowahi kukaa Jeddah au Makka hawatahitaji kushawishiwa, kwani wali wa Bukhari wa kule ulipelekwa na watu wa nchi hizohizo.

Sitakuahidi kwamba haya yote yataokoa mgahawa. Kama mkataba wa pango unaisha mwakani na mwenye jengo anataka mara mbili, familia kumi na mbili hazitazuia. Lakini wateja wa uhakika wa siku za katikati ya wiki ni kitu ambacho mzee anaweza kumwonyesha mwenye jengo, au benki, kwenye daftari.

Basi Jumanne ijayo nenda saa saba mchana, agiza chai kwanza, na chai ikishafika muulize mzee maswali mawili: hupika kilo ngapi kwa siku ya kawaida, na ni siku gani osh humbakia zaidi. Siku atakayokutajia ndiyo itakuwa siku yenu, na tofauti kati ya anachopika na anachouza ndiyo kilo mtakazoanza kuagiza.